Kisanduku cha Kabla ya Kuanguka

Katika katuni za kuchekesha za vijana zilizochapwa Marekani kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, watu huanguka ovyo. Huteleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa nta, hupinduka na viti, hubamizwa na milango, hutupwa nje ya majumba ya matajiri. Anayezisoma mbiombio hudhani kicheko kimo katika anguko lenyewe. Mimi nimezitazama kurasa hizi kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozirudia ndivyo ninavyoamini kwamba kicheko kilishatengenezwa mapema, katika kisanduku kinachotangulia: pale kijana bado kasimama, kifua mbele, kajaa matumaini, na kila mtu isipokuwa yeye anaona kinachokuja. Kukichora kisanduku hicho kikakaa sawasawa ni kazi ya fundi, na mafundi wenyewe walikuwa wachache.

Chukua tukio ambalo wachoraji hawa walilirudia kwa sura nyingi. Archie Andrews, mwanafunzi wa sekondari ya Riverdale, anamsimulia rafiki yake Jughead jinsi alivyomzidi akili mwalimu mkuu, Bwana Weatherbee. Nyuma yake mlango umefunguka, na Bwana Weatherbee anasikiliza. Kwa maneno, hapo hakuna kipya. Lakini tazama kisanduku kilivyopangwa. Archie kawekwa kushoto, ambako jicho la msomaji huanzia, na kiputo cha majigambo yake kiko juu kabisa. Jicho linasoma majigambo, linashuka kwenye uso wenye furaha, linapita kwa Jughead aliyekwisha kunyamaza, kisha ndipo linapofika ukingo wa kulia na kumkuta yule bwana mnene mwenye upara na miwani ya kubana puani. Bado hajafungua mdomo. Mchoraji ametuchelewesha kwa makusudi. Ametupa furaha ya Archie kwanza, ili tuwe na kitu cha kumhurumia.

Mpangilio wa namna hii haukuzuka siku moja. Archie alitokea mara ya kwanza katika toleo la 22 la Pep Comics, lenye tarehe ya Desemba 1941, kutoka kampuni iliyoitwa MLJ. Pep wakati huo lilikuwa jarida la mashujaa wa mavazi ya kubana, likiongozwa na The Shield, aliyevalia rangi za bendera ya nchi yake. Kijana wa nywele nyekundu na madoadoa usoni alipewa kurasa chache za ndani, hadithi ikiandikwa na Vic Bloom na kuchorwa na Bob Montana, ambaye mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anauacha ujana. Redio ilikuwa na mchezo wa The Aldrich Family, na sinema ilikuwa na Andy Hardy, akichezwa na Mickey Rooney. Wamarekani walikuwa wameanza kuwaona vijana wa sekondari kama watu wenye lugha yao, muziki wao na fedha zao za mfukoni. Mchapishaji John Goldwater alitaka kijana wa aina hiyo kwenye karatasi. Montana alikuwa na mali aliyoitunza tangu shuleni: shajara alizoandika na kuzichorea picha alipokuwa mwanafunzi huko Haverhill, Massachusetts, zikiwa na walimu, mitaa na vituko vya wenzake. Riverdale ilipata pumzi yake ya kwanza huko.

Mashujaa walififia, kijana wa madoadoa akabaki. Mwishoni mwa 1942 alipata jarida lenye jina lake. Mwaka 1946 kampuni nzima ilijiita Archie, na mwaka huohuo Montana alianza kumchora kwenye magazeti, kazi aliyoishika hadi alipofariki mwaka 1975. Kampuni nyingine zilifuata njia hiyo: Patsy Walker mwaka 1944, Millie the Model mwaka 1945, A Date with Judy mwaka 1947, Leave It to Binky mwaka 1948. Nyingi zilikuwa za kawaida, na baadhi zilikuwa nzuri. Kampuni ya Archie, ambayo hapa naiita Riverdale, ndiyo iliyowakusanya mafundi na kuwaweka pamoja miaka mingi kiasi cha kila mmoja kupata mkono wake.

Kazi yenyewe iligawanywa. Mmoja aliandika, mwingine alichora kwa penseli, wa tatu alipaka wino juu ya penseli, wa nne aliandika herufi za viputo kwa mkono, na wa mwisho alionyesha rangi zitakazochapwa. Karatasi ya kuchorea ilikuwa kubwa kuliko ukurasa wa jarida, ili picha ikipunguzwa kwa ajili ya chapa, mistari ikaze na mitetemo midogo ya mkono ipotee. Rangi zilitoka kwenye wino wa aina nne, zikipigwa kwa vitone vidogo juu ya karatasi ya bei rahisi. Mchoraji aliyejua hali hiyo hakujisumbua na vivuli laini ambavyo karatasi ingevimeza. Aliweka nguvu zake kwenye umbo linaloonekana hata kama chapa imekwenda upande: mstari wa nje wa mwili, weusi wa nywele za Veronica, mmoja wa wasichana wawili ambao Archie hachagui kati yao, ile alama ya mistari iliyokatizana ubavuni mwa kichwa cha Archie.

Mwandishi mkuu wa Riverdale alikuwa Frank Doyle, aliyeanza kuwaandikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea mpaka alipofariki mwaka 1996. Hadithi zake zinahesabika kwa maelfu. Kabla ya kuandika alikuwa mchoraji, na hilo linaeleza mengi. Mswada wake haukuja ukiwa umepigwa chapa kwa maneno matupu. Aliuchora kwa haraka, kisanduku kwa kisanduku, akionyesha nani kasimama wapi na nani anazungumza kwanza. Alikuwa akifikiri kwa miili. Mtu anayeandika kwa maneno peke yake huweza kumpa mhusika sentensi tano ndani ya kisanduku kimoja bila kujua kwamba kichwa cha mhusika hakina tena pa kukaa. Doyle alijua uzito wa kila neno, kwa kuwa alipaswa kulitafutia nafasi juu ya kichwa cha mtu.

Hadithi zake nyingi ni za kurasa tano au sita. Ukurasa wa kwanza hufunguliwa kwa picha kubwa inayoeleza tatizo; kurasa zinazofuata hubeba visanduku sita hivi kila mmoja. Kwa hiyo mwandishi ana visanduku thelathini hivi tu vya kuanzisha jambo, kulivuruga mara tatu, na kulifunga. Hakuna nafasi ya maelezo. Tatizo linapaswa kueleweka katika kisanduku cha pili: Archie ameahidi kutoka na wasichana wote wawili, Betty na Veronica, usiku mmoja, Jughead amekatazwa kula, mkweche wa Archie umegoma mbele ya nyumba ya Bwana Lodge, baba yake Veronica. Kisha kila juhudi ya kutengeneza huharibu zaidi. Kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa kulia ndicho chenye kazi kubwa kuliko vyote, kwa kuwa baada yake mkono wa msomaji unageuza karatasi. Doyle alipenda kuacha hapo mtu akiwa na uhakika wa jambo ambalo litakanushwa mara tu karatasi ikigeuka.

Miswada hiyo ilipofika kwa Harry Lucey, ilipata mwili. Lucey alizaliwa mwaka 1913 na kusoma sanaa Pratt Institute, Brooklyn. Kabla ya kukaa Riverdale alichora pia hadithi za upelelezi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1970 alikuwa mchoraji mkuu wa jarida lenyewe la Archie. Kwangu mimi hakuna aliyechora mwili wa kijana kwa ukweli kumzidi, na nasema ukweli huku nikijua kwamba hakuna binadamu anayeweza kukaa kama watu wake wanavyokaa.

Siri yake iko kwenye mstari mmoja. Mtazame Archie wa Lucey anayepokea habari njema: anza kisigino, pita mgongoni, malizia utosini, na utakuta mkunjo mmoja usiokatika. Mwili mzima umesema jambo moja. Anapoogopa, mkunjo unageuka: makalio yanarudi nyuma, magoti yanakutana, mikono inabaki mbele ikiomba amani. Veronica akikasirika hakunji uso tu. Uzito wake wote unahamia mguu mmoja, nyonga inatoka nje, kidevu kinapanda, na mikono inafungwa juu kidogo ya mahali ambapo wewe na mimi tungeifunga. Betty akivunjika moyo, mabega yanashuka na vidole vya miguu vinatazamana. Lucey aliielewa sheria ambayo vijana wote huitii bila kuijua: katika umri huo hisia haina mlango wa siri, hutokea miguuni kabla haijafika mdomoni.

Kuna jaribio ninalompendekezea kila anayetaka kumwelewa. Funika viputo vyote vya ukurasa wake kwa vipande vya karatasi, kisha usome. Hutajua ni kitu gani hasa kinabishaniwa, lakini utajua nani anamwomba nani, nani anadanganya, nani amegundua uongo na nani ana njaa. Lucey mwenyewe aliwahi kuchora hadithi nzima isiyo na neno hata moja, na haikupungukiwa na kitu. Ukichunguza zaidi, utaona pia anavyojua kuacha. Kisanduku chenye ishara kubwa ya mwili mara nyingi hakina ukuta, dirisha wala samani nyuma yake. Kuna rangi moja tupu. Msomaji hatambui kwamba chumba kimeondolewa, kwa sababu chumba kilionyeshwa visanduku viwili kabla na akili yake bado imo ndani.

Samm Schwartz alikwenda njia nyingine kabisa, na uzuri wa Riverdale uko katika kuwapa wote wawili nafasi. Huyu alikuwa bwana wa Jughead, yule kijana mwembamba wa pua ndefu, macho yaliyofumba nusu na kofia iliyokatwa mithili ya taji, anayependa baga kuliko msichana yeyote. Lucey angemfanya mtu aruke. Schwartz alimfanya asimame tu huku dunia ikimrukia. Jughead wake hutembea akiwa wima, bila haraka, na mstari wa Schwartz nao hauna haraka: mwembamba, mlegevu, umechorwa na mtu ambaye mara nyingi alijipakia wino mwenyewe. Nyuma ya mazungumzo aliweka vituko vidogo visivyotajwa na mtu yeyote, watu wanaopita na mikasa yao, mabango ukutani yenye maneno ya ajabu. Anayesoma haraka huvikosa bila kupoteza hadithi. Anayesoma taratibu hulipwa mara mbili. Mwaka 1965 Schwartz aliondoka kwenda kampuni ya Tower, alikochora jarida la vijana lililoitwa Tippy Teen, kisha baadaye akarudi Riverdale, na Jughead akarudi katika mikono iliyomfahamu.

Dan DeCarlo ndiye ambaye dunia ilimwona zaidi, hata bila kujua jina lake. Alikuwa amemchora Millie the Model kwa takriban miaka kumi, akifanya kazi na mwandishi Stan Lee, kabla ya kuwa nguzo ya Riverdale. Mwaka 1962 yeye na mwandishi George Gladir walimleta Sabrina, mchawi kijana. Mwaka uliofuata likaja jarida la Josie, aliyepewa jina la mke wake DeCarlo. Mstari wake ulikuwa safi kiasi kwamba kampuni iliwataka wengine waufuate. Ugumu wa usafi huo unaonekana unapowaweka Betty na Veronica bega kwa bega. Ondoa nywele, na nyuso ni moja: macho yaleyale, pua ileile, mdomo uleule. Hata hivyo msomaji hawachanganyi kamwe. DeCarlo aliwatenganisha kwa namna ya kubeba kichwa na kwa nyusi zinazopanda kwa kipimo cha unywele. Betty hutazama mtu. Veronica hutazama mtu huku akijua anatazamwa. Kuionyesha tofauti hiyo kwa mstari mmoja wa brashi, mwezi baada ya mwezi, ni ustadi unaostahili mtu asimame na kuutazama.

Wote hawa walifanya kazi ndani ya uzio. Mwaka 1954, wazazi na wanasiasa wa Marekani walipokuwa wakizilaumu katuni kwa kuharibu watoto, wachapishaji walijiwekea kanuni kali za maadili, na John Goldwater wa Archie aliongoza chama kilichozisimamia. Damu, matusi na mapenzi ya wazi vilipigwa marufuku. Juu ya kanuni hizo kulikuwa na sheria za Riverdale yenyewe: Archie hatamchagua Betty wala Veronica, hakuna atakayehitimu, Jughead hatashiba, Bwana Weatherbee hatapumzika, mwalimu Miss Grundy hatastaafu, na duka la baga la Pop Tate halitafungwa. Wengine huona hapo udhaifu, kwamba hadithi zote ni moja. Mimi naona ubao wa bao. Mashimo ni yaleyale thelathini na mawili, kete ni zilezile sitini na nne, na hakuna anayemdharau bingwa kwa sababu hiyo. Tunamheshimu kwa kuwa hana pa kujificha. Doyle na Lucey hawakuweza kutushtua kwa kifo wala kwa siri ya ukoo. Kila kitu kikiwa kimefungwa, ustadi wote ulilazimika kuhamia kwenye mwendo: nani ageuke lini, nani anyamaze wapi, mguu uinuliwe kiasi gani.

Ili kuona jinsi uwanja huu ulivyokuwa mpana, ni vizuri kumsoma pia mtu aliyekaa nje ya Riverdale. John Stanley, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa ametumia miaka mingi kuandika vituko vya Little Lulu, hadithi za watoto wadogo, alipoanzisha Thirteen Going on Eighteen kwa kampuni ya Dell mwaka 1961. Matoleo mawili ya kwanza yalichorwa na Tony Tallarico. Kuanzia la tatu Stanley alishika penseli mwenyewe, akaandika na kuchora hadithi mpya hadi mwaka 1967. Wahusika wake wakuu ni wasichana wawili marafiki, Val na Judy. Hapa hakuna utulivu wa Pop Tate. Kila simu isiyolia ni msiba. Val akidhani kijana fulani amemsahau, mdomo wake hufunguka na kuwa tundu jeusi lenye kumeza nusu ya uso, na kilio chake huandikwa kwa herufi zinazokikaba kisanduku.

Ustadi wa Stanley uko katika kupima. Angeweza kumfanya Val alie kila ukurasa, na tungechoka. Badala yake humpa visanduku vitatu vinne vya ukimya, msichana akiwa ameketi na akili inamzunguka, akijijengea hoja moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa na mantiki kamili na zote zikiwa zimesimama juu ya dhana ya uongo. Anapofika kilele tumepanda naye ngazi zote, na kwa muda tunakubali kwamba mambo yamekwisha. Kisha simu inalia. Mtu mzima aliyekaribia miaka hamsini alikuwa ameketi na kukumbuka, bila dharau, jinsi kichwa cha mtu wa miaka kumi na mitatu kinavyofanya kazi. Heshima hiyo ndiyo inayozifanya hadithi zake zichekeshe na kuuma kwa pamoja.

Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo wasomaji hawakujua walikuwa wakimsoma nani. Hadithi za Riverdale zilitoka bila majina ya waandishi na wachoraji, ingawa mwaka 1969 jarida la Archie liliuza wastani wa zaidi ya nakala 500,000 kwa kila toleo na kuyapita majarida mengine yote ya katuni nchini humo. Watoto walijifunza kuwatambua mafundi kwa mikono yao: huyu wa miguu inayoongea, huyu wa mabango ukutani, huyu wa wasichana wenye nyusi. Baadhi ya watoto hao walikua wakawa wachoraji. Ndugu Gilbert na Jaime Hernandez wa California, walioanzisha Love and Rockets mwanzoni mwa miaka ya 1980, wamekuwa wakisema wazi deni lao kwa wachoraji wa Archie, na ukitazama jinsi wasichana wa Jaime wanavyosimama, wanavyoegemea ukuta au wanavyokaa sakafuni kwa uchovu, utaona Lucey yumo. Wanahistoria wa katuni nao wakafanya kazi ya uvumilivu, wakilinganisha ukurasa na ukurasa mpaka majina yakarudishwa kwa wenyewe. Kuanzia mwaka 2010 vilichapwa vitabu vizuri vilivyokusanya kazi teule za DeCarlo, Lucey na Schwartz, kila mmoja akiwa na jina lake juu ya jalada.

Anayejifunza kuchora katuni leo angepata faida kubwa kwa kunakili ukurasa mmoja wa Lucey kwa penseli, mwili baada ya mwili, akiuliza kila mara uzito umekaa mguu gani. Asiyechora atafaidika kwa kupunguza mwendo tu. Hadithi ya kurasa sita husomwa kwa dakika tatu, na ilitengenezwa ili isomwe hivyo. Wepesi wake ni sehemu ya ufundi. Lakini ukishacheka, rudi nyuma kisanduku kimoja. Mwangalie kijana alivyosimama kabla sakafu haijamponyoka, mahali alipowekwa, nani anamtazama, na nini kimefutwa nyuma yake. Mtu fulani, kwenye meza fulani, alitafuta mkao huo mpaka akaupata, akijua kwamba akiupata sawasawa wewe utacheka na hutamwona. Mafundi hawa waliukubali mkataba huo kwa miaka thelathini na zaidi bila kushusha kiwango. Sisi wasomaji tunaweza kuwalipa kwa kuwataja kwa majina na kuzisoma kurasa zao kwa uangalifu uleule waliouweka ndani yake.